Nina ukuta mtupu maktabani: naanzaje maonyesho ya wachoraji wa hapa mjini?

MkutubiTanga

Hamjambo humu ndani. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya umma hapa Tanga. Kati ya ukumbi wa magazeti na chumba cha watoto tuna ukuta mrefu mweupe ambao tangu niajiriwe sijauona na kitu zaidi ya kalenda na tangazo la kuzima simu. Kila siku wanapita pale wazee wanaokuja kusoma magazeti asubuhi, vijana wa kidato cha nne na cha sita wanaojiandaa na mitihani, na Jumamosi akina mama na watoto wao. Nataka ukuta ule ubebe kazi za wachoraji wa Tanga.

Wachoraji tunao. Yupo kijana Ngamiani anayeandika mabango ya vinyozi. Nyuso anazochora zinakutazama hasa, mpaka unapunguza mwendo. Yupo mwalimu wa shule ya msingi mwenye michoro ya penseli ya wavuvi wa pale Deep Sea, ameitia chini ya kitanda kwa kukosa pa kuionyesha. Na wapo akina mama wa ukili. Namna wanavyozipanga rangi katika mkeka, mimi sioni tofauti na uchoraji. Watu wa mji huu hawazijui kazi hizi. Mtu akitaka picha ya kuweka sebuleni anaagiza Dar.

Mkuu wangu wa kazi amekubali kwa mdomo, kasema niandike andiko alione. Pesa hakuna. Na ameweka sharti moja: hataki msumari hata mmoja ukutani, kwa sababu jengo ni la zamani na lipu ya chokaa ukiigusa inamwagika.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Bila misumari, picha zinakaaje? Kazi zinaweza kuuzwa ndani ya jengo la serikali, na hela inapokelewa na nani? Kikipotea kitu nani anabeba? Wasomaji wanaotaka utulivu nitawaambia nini? Na mkeka, je, unaweza kutundikwa pamoja na picha, au nitawavunjia heshima wachoraji?

Natanguliza shukrani.

---

FundiMoroStoo

Marahaba mwanangu. Nimesoma swali lako mara mbili kwa furaha, maana ni nadra mwenye ukuta kumtafuta mchoraji. Siku zote ni sisi tunaobisha hodi.

Mimi ni mchoraji wa Dar, nimelelewa kikazi pale Oyster Bay kwa watu wa Tingatinga. Nimetundika kazi kwenye kumbi za wageni, kwenye korido ya hospitali, kwenye ofisi ya kata, kwenye shule. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono.

Kwanza nikuombe jambo moja kabla ya paneli na kamba. Usiliandae onyesho hili kwa ajili ya wapenda sanaa. Hao wana kumbi zao. Liandae kwa yule mzee wa gazeti. Yeye ndiye mtu wako, yupo tayari mlangoni saa mbili asubuhi, hukumualika wala hukumlipia nauli. Hiyo ndiyo tofauti ya jengo la umma na jumba la sanaa: kwako watu wameshafika, ila wamefikia jambo lingine. Kila uamuzi wako, urefu wa kutundika, lugha ya kibandiko, siku ya kufungua, uupime kwa mzee yule na kwa yule mtoto wa Jumamosi. Ukifanya hivyo hutakosea sana.

Na hili si geni kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na ukumbi. Alikuwa mtu wa Tunduru, mhamiaji mjini, akichora kwenye hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, na kazi zikauzwa nje ya Morogoro Stores, duka la pale Oyster Bay, mahali watu walipokuja kununua mboga na mikate. Miaka minne tu, kisha 1972 akafariki kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanafunzi wake, akina January Linda, Adeusi, Tedo, Ajaba na Mpata, wakaendelea palepale. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji, na ilianzia barazani mwa duka. Nyie Tanga, mji wa baiskeli, rangi ile mnaijua kuliko sisi.

Sasa kutundika. Mkuu wako yuko sahihi kuhusu misumari, mshike mkono. Tengeneza paneli za kusimama. Fremu ya papi, mbao za inchi mbili kwa moja, juu yake pigilia silingibodi au hadibodi nyepesi, paka rangi nyeupe isiyong'aa. Kisha unganisha paneli mbilimbili kwa bawaba. Ukizifungua kidogo zinasimama zenyewe kama kitabu kilichosimamishwa wazi mezani, hazihitaji ukuta. Chini weka kifuko cha mchanga kila mguu, kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya upepo wa bahari mkifungua madirisha. Fundi seremala wa mtaani anazimaliza haraka, na zikiisha kazi unazikunja unaziweka stoo.

Kamba tumia mshipi wa kuvulia, ule mnene. Hauonekani kwa mbali na unabeba uzito. Lakini kila picha ipe mishipi miwili, kushoto na kulia. Ukiweka mmoja katikati picha itapinda kila mtu akipita na feni ikivuma. Fundo la nailoni huteleza, kwa hiyo funga mara mbili na uchome ncha kwa kiberiti.

Urefu: katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, hapo ndipo macho ya mtu mzima aliyesimama. Karibu na chumba cha watoto shusha hadi mita moja. Wakubwa watainama, hakuna ubaya.

Jambo la pwani: unyevu. Nyuma ya kila fremu, pembe za chini, gundisha vipande viwili vya ndala kuukuu, unene wa kidole. Vinaiachanisha picha na ubao, hewa inapita, ukungu haukai. Na michoro ya penseli ya yule mwalimu isitazamane na dirisha kabisa. Karatasi inageuka njano, na ikiwa na kioo, mwanga unarudi usoni, mtu anajiona mwenyewe badala ya mvuvi.

Hela nitarudi jioni niandike, nina mteja.

---

Wa_Kaloleni

Salamu kutoka Nairobi, dada. Nakuunga mkono kabisa.

Sisi huku tuna mifano miwili ya kukutia moyo. Wa kwanza ni jumba la Nairobi Gallery pale mjini. Lilijengwa 1913, likawa ofisi ya serikali, watu wakienda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, baadaye ikawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Leo vyumba vilevile vina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, na mkewe Sheila. Ni ofisi kuukuu ya mafaili, na picha zimekaa vizuri tu.

Wa pili ni maktaba zetu za jiji. McMillan ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambayo ndiyo ya watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, yalichakaa kwa miaka mingi kabla ya kukarabatiwa miaka hii ya karibuni. Mimi nimekulia mtaa wa Kaloleni. Nilipokuwa mdogo sikujua kama kuna mtu anayeitwa mchoraji. Nilijua wanaoandika kwenye magari ya matatu, basi. Kama mtu angeweka picha moja pale kando ya rafu, ningejua mapema kuwa hiyo ni kazi ya mtu.

Kuhusu kuta za watu wa kawaida, kuna kanisa Murang'a ambalo Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu huko kwenu, alichora picha tano kubwa ukutani miaka ya 1950. Yesu ni Mwafrika, na milima ya nyuma ni milima ya hapohapo. Anayekwenda kusali anaziona, hana haja ya tiketi. Nenda ukazione ukipata nafasi.

---

BrashiYaMwanza

Mimi nitasema tofauti, na nisieleweke vibaya, dada mkutubi naona nia yako ni safi.

Wachoraji tumechoka na ukuta wa bure. Taasisi moja huku ilituita tukaleta kazi kwa gharama zetu, tukaziweka miezi, wakapiga picha za viongozi mbele yake, wakatushukuru kwa cheti. Fremu mbili zilirudi zimevunjika na hakuna aliyejibu simu. Wanakwambia "tunakutangaza". Kutangazwa hakununui rangi. Kopo la rangi nzuri na kanvasi vimepanda bei sana, na kijana wa mabango wa Ngamiani siku anayokuletea picha ni siku ambayo hakupiga bango la mtu.

Kwa hiyo swali langu kwako: yule kijana atapata nini? Kama jibu ni "ataonekana", mwache aendelee na vinyozi. Kule angalau picha yake iko barabarani, watu wanaiona, na kinyozi amemlipa.

---

FundiMoroStoo

Nimerudi. BrashiYaMwanza, mdogo wangu, hilo ulilosema ni zito na ni kweli, na nilikuwa naliendea hukohuko.

Mkutubi, kabla hujaandika andiko lako, tafuta vitu viwili tu vya fedha: nauli ya kuleta na kurudisha kazi, na posho ya siku ya kutundika. Hata ikiwa kidogo, iandike kwenye andiko kwa tarakimu. Kama maktaba haina, zungukia wenye maduka, chama cha wazazi, benki iliyo jirani. Watu wakiombwa elfu hamsini ya nauli ya picha huwa wanatoa kwa urahisi kuliko wakiombwa "udhamini wa tamasha". Ukikosa kabisa, punguza kazi. Picha sita zilizolipiwa nauli ni heshima kuliko thelathini za kuomba.

Kuuza: iruhusu, na andika bei. Nimeona wenye kumbi za umma wanaficha bei kwa kuogopa kuonekana wanafanya biashara. Ukificha, mzee wa gazeti anaamini ni kitu cha matajiri, hata haulizi. Weka bei chini ya kila kazi, pamoja na namba ya simu ya mchoraji mwenyewe. Lakini maktaba isishike hela hata senti. Taasisi ya serikali ikipokea malipo lazima ipitie kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na hapo utaingia kwenye hesabu zisizo zako. Mnunuzi amlipe mchoraji moja kwa moja kwa simu, wewe ubandike kidoti chekundu, alama ya kuwa imeuzwa, picha ikae mpaka siku ya mwisho. Asilimia usichukue.

Na uwashauri wachoraji walete pia kazi ndogo. Hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane, ndiyo saizi yetu ya asili ya Tingatinga. Ukikata kila kipande mara nne unapata picha ndogo thelathini na mbili. Mwalimu au nesi ataweza kuilipa moja, hata kwa awamu mbili.

Vibali: pitia kwa afisa utamaduni wa jiji kwanza, mpe nakala ya andiko. Wachoraji wako waulize kama wamesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Usiliache hili mpaka wiki ya mwisho.

Wizi na uharibifu: mshirikishe mlinzi tangu siku ya kwanza. Sisemi mpe amri, namaanisha mwoneshe kazi moja moja, mwambie hii ya nani na imechorwaje. George Lilanga, yule Mmakonde ambaye kazi zake zimezunguka dunia, alipofika Dar kutoka kusini miaka ya 1970 alianza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar, kama mlinzi wa usiku. Alikuwa analinda kazi za wenzake huku mikono yake inajua kuchonga. Mlinzi wako akijua anacholinda, mwenyewe atawasimulia wageni.

Utulivu wa wasomaji: ufunguzi ufanye Jumamosi baada ya saa za kusoma, bila spika. Siku nyingine picha hazipigi kelele.

---

BintiShangani

Assalaam alaykum. Nimefanya kazi ya kuandika mikataba ya wasanii hapa Unguja, naongeza kidogo tu.

Andikeni karatasi moja ya makabidhiano kwa kila msanii. Jina la kazi, vipimo, imetengenezwa kwa nini, bei, na hali yake ilivyofika: "pembe ya kulia imechubuka", na kadhalika. Piga picha ya mbele na ya nyuma. Wote wawili mtie saini siku ya kuleta, na tena siku ya kurudisha. Andika wazi nani analipa kitu kikiharibika kikiwa mikononi mwa maktaba. Lile la fremu mbili za ndugu yetu wa Mwanza lingeishia hapo.

Na msitari mmoja ambao watu wanausahau: kuuza picha si kuuza haki ya kuichapa. Mtu akinunua mchoro wa wavuvi, asije akauweka kwenye fulana mia bila ruhusa ya mwalimu. Liandikeni kwenye risiti.

Mkeka utundike, dada yangu. Huku kwetu mtu hawezi kuniambia kwamba aliyesuka msala wa rangi nne bila kuchora ramani popote si msanii. Ila uutundike kwa heshima yake: upitishe kijiti ndani ya taraza, ule ukingo ulioshonwa, upande wa juu, usiutoboe, na uandike jina la mama aliyesuka. Mara nyingi mikeka huandikwa "kazi za mikono za akina mama", bila jina, na picha ya pembeni ina jina la mchoraji. Hapo ndipo heshima inapovunjika.

---

MkutubiTanga

Wakubwa, nimewasoma wote. Sina la kuwalipa ila dua.

BrashiYaMwanza, swali lako nililibeba nikaenda nalo kwa yule kijana wa mabango. Nikamuuliza angetaka nini. Akasema kwanza anataka jina lake liandikwe, maana mabango yake yote yana jina la kinyozi. Pili, apewe siku moja achore mbele ya watoto, alipwe kama anavyolipwa kwa bango. Nimeiweka bei yake ya bango kwenye andiko, kwa tarakimu, kama Mzee Fundi alivyosema. Mwenye duka la vifaa vya baiskeli amesema atatoa rangi, na nauli ya mikeka kutoka kijijini ataibeba mzazi mmoja mwenye pikapu.

Akina mama wa ukili niliwauliza majina. Mmoja alishangaa, akaniambia toka aanze kusuka hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake kwa ajili ya mkeka. Nitaliandika kwa herufi kubwa.

Mkuu wangu amesoma kuhusu paneli, amekubali. Limebaki moja: vibandiko. Nimeandika cha kwanza hivi: "Kazi hii inaakisi uhusiano wa binadamu na mazingira ya bahari katika muktadha wa mabadiliko." Naona hakinikai. Mnasemaje?

---

FundiMoroStoo

Futa chote mwanangu. Mzee wa gazeti ataanza kukisoma aachie njiani. Nenda kwa mwalimu, muulize maswali matatu: huyu nani, ilikuwa saa ngapi, na sehemu gani ilikusumbua kuchora. Kisha andika majibu yake, kwa maneno yake. Kitakuja kitu kama hiki:

"Wavuvi wakigawana samaki, Deep Sea, asubuhi. Penseli kwenye karatasi. Mchoraji anasema mikono ilimsumbua kuliko nyuso, kwa kuwa haitulii."

Basi. Jina la mchoraji juu, kwa herufi nene. Bei na simu chini. Herufi ziwe kubwa, mtu asizitafute kwa miwani, maana wazee wako wengi miwani yao ni ya kusomea karibu. Watoto uwaandikie swali badala ya maelezo: "Tafuta samaki aliyeanguka." Watazunguka picha nzima wakimtafuta, na hapo watakuwa wameitazama kuliko watu wazima wote.

---

BrashiYaMwanza

Dada, umenijibu kwa vitendo. Kama kijana analipwa siku ya watoto na jina lake lipo, nimenyamaza. Nina picha mbili ndogo za mialo ya wavuvi ya Ziwa Victoria, si za Tanga najua, lakini mkifanya awamu ya pili na mkaalika wa mikoa mingine nitazileta. Nauli nitakuandikia kabla, tarakimu.

---

Wa_Kaloleni

Awamu ya pili nami nihesabuni. Halafu weka daftari la wageni, dada, lakini usiweke safu ya "maoni" peke yake, watu huandika "vizuri sana" na kuondoka. Uliza: "Ungepeleka ipi nyumbani, na ungeiweka wapi?" Majibu hayo ndiyo utakayompelekea mkuu wako ukiomba ukuta wa pili.

---

MkutubiTanga

Daftari nimeshanunua. Mzee Fundi, swali la mwisho la kiufundi: ukuta una urefu wa mita kumi na moja, na mbele yake kuna njia ya kwenda msalani, upana kama mita mbili na nusu. Paneli ngapi zitakaa bila kuwabana watu, hasa anayekuja na kiti cha magurudumu?

---

FundiMoroStoo

Jozi nne, kila paneli futi nne upana. Zipanue vya kutosha: mguu wa mbele uishie sentimita 80 kutoka ukutani, njia itabaki zaidi ya mita moja na nusu, kiti cha magurudumu kinapita na mtu anapishana nacho. Nafasi kati ya jozi na jozi isipungue nusu mita, ili mtu asimame kando bila kuziba njia. Mifuko ya mchanga iwe upande wa ukutani, isimkwaze mtu. Mlango wa msalani ukifunguka kwa nje, jozi ya mwisho isogeze mbali nao. Nitumie picha ya ukuta na vipimo vya fremu za yule mwalimu, nikupangie ipi ikae wapi.